Muziki wa hi-res wa kupakua: je, kweli unasikika vizuri zaidi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maduka ya muziki ya mtandaoni huuza albamu moja kwa madaraja mawili au matatu: MP3, ubora wa CD, kisha ile iliyoandikwa 24/96 au 24/192 na kupewa jina la hi-res. Bei hupanda kadiri namba zinavyopanda. Mtu anayeupenda muziki anataka kuusikia jinsi ulivyo, kwa hiyo ana haki ya kuuliza kama ile nyongeza anayolipa inafika masikioni mwake.

Nipe jibu la haraka. Unasikika vizuri zaidi au la?

Ikiwa mafaili yote mawili yametoka kwenye masta ileile, yaani rekodi ya mwisho iliyotayarishwa studio, basi kwa karibu kila msikilizaji na kwa karibu kila chombo, hakuna tofauti inayosikika kati ya hi-res na ubora wa CD.

Hilo sharti la masta ndilo lenye uzito. Toleo la hi-res mara nyingi husikika tofauti na CD, na pengine zuri zaidi kwelikweli, kwa sababu fundi wa studio amelitengeneza upya kwa utulivu na bila kulibana ili lisikike kubwa. Ukilichukua toleo hilohilo na kulishusha hadi 16/44.1, yaani ubora wa CD, kwa programu nzuri, uzuri wote unabaki. Uliponunua ulidhani unalipia namba, kumbe ulilipia kazi ya fundi.

Hizo 24/192 maana yake nini?

Namba ya kwanza ni biti, yaani kila sampuli ya sauti imeandikwa kwa tarakimu ngapi za sifuri na moja. Ya pili ni sampuli zinazochukuliwa kila sekunde, kwa maelfu. CD, ambayo Sony na Philips waliiingiza sokoni mwaka 1982, ina biti 16 na sampuli 44,100. Kabla ya faili kubanwa, dakika moja ya CD huchukua kama megabaiti 10.6, na dakika moja ya 24/192 huchukua 69. FLAC, mfumo wa kubana mafaili, huyapunguza yote mawili bila kupoteza chochote, ila pengo kati yao hubaki kubwa.

Kwa nini sampuli 44,100 zitoshe?

Kijana mwenye masikio mazima husikia kuanzia hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, hadi kama kilohezi 20. Umri ukisonga, upande wa juu hupungua, na watu wazima wengi hawasikii kitu juu ya kilohezi 16 hivi. Mhandisi Harry Nyquist aliweka msingi wa jambo hili mwaka 1928, na Claude Shannon akauthibitisha kihesabu mwaka 1949: sampuli zikizidi mara mbili ya masafa ya juu kabisa yaliyomo ndani ya wimbi, wimbi lote linaweza kurudishwa. Linarudi wimbi lenyewe, wala si makadirio yake. Nusu ya 44.1 ni 22.05, kwa hiyo CD hubeba kila kitu hadi kilohezi 20 na kubakiza nafasi ndogo ya kichujio kinachoondoa yaliyo juu ya hapo.

Na 44,100 ilitoka wapi? Si kwenye sikio. Mafundi wa mwanzo walihifadhi sauti ya dijitali kwenye kanda za video, sampuli tatu katika kila mstari wa picha. Mfumo mmoja wa video ulitoa mistari 245 inayotumika, mara 60 kwa sekunde, mwingine 294 mara 50. Zidisha kila upande kwa tatu, na zote zinatua palepale, 44,100. Ilikuwa namba iliyokubalika kwa mashine za pande zote mbili, na ikatosheleza mahitaji ya sikio.

Nimeona mchoro wa wimbi la sauti wenye vidato kama ngazi: CD ina vidato vinene, hi-res vyembamba. Si ushahidi huo?

Mchoro huo umepotosha watu wengi kuliko kitu kingine chochote katika mjadala huu, na inasikitisha kuuona bado ukitumika kuuzia. Sampuli ni nukta, si kidato. Kigeuzi, kile kinachouzwa kwa jina la DAC, huzipitisha nukta kwenye kichujio, na kinachotoka kwenye waya ni wimbi laini.

Chukua mlio safi wa kilohezi 10 uliorekodiwa kwa 44.1. Ukiufungua kwenye programu ya kuhariri sauti na kuukuza, utaona nukta nne na ushee kwa kila mzunguko, zimeunganishwa kwa mistari iliyonyooka, pembe tupu. Hapo ndipo mtu anaposema, unaona uharibifu huo? Sasa chomeka osiloskopu, kifaa kinachoonyesha umbo la wimbi, kwenye tundu la kutolea sauti. Zile pembe hazipo. Kuna wimbi la mviringo lililokaa sawasawa, na ukiweka pembeni lile lililotoka kwenye faili la 192 huwezi kujua lipi ni lipi. Kwa nukta zile kuna wimbi moja tu chini ya kilohezi 22.05 linaloweza kuzipitia zote, na hilo ndilo linalotoka.

Hoja ya muda nayo hujibiwa hivyohivyo. Wapo wanaosema nafasi kati ya sampuli mbili za CD, mikrosekunde 22.7, ni kubwa mno kwa masikio mawili yanayotambua upande sauti inakotokea. Lakini wimbi likichelewa hata kwa sehemu ndogo ya nafasi hiyo, thamani za nukta zote hubadilika, na kigeuzi hulirudisha likiwa limechelewa kiasi kilekile.

Basi biti 24 je? Si zina undani zaidi?

Kila biti huongeza kama desibeli 6 kati ya sauti kubwa kabisa na mvumo wa chini kabisa. Biti 16 zinatoa kama 96, biti 24 zinatoa 144 kwenye karatasi. Nasema kwenye karatasi kwa sababu hakuna kigeuzi kinachofika 144. Vilivyo bora vinaishia desibeli 120 hadi 130 hivi, maana vipuri vyenyewe vina kelele ya joto. Chumba kitulivu cha nyumbani kina kelele yake pia, desibeli 30 au karibu na hapo. Ili mvumo wa biti 16 ujitokeze juu ya kelele hiyo, sehemu kubwa za wimbo zingebidi zipigwe kwa nguvu inayoumiza masikio.

Tena, fundi anaposhusha kutoka 24 hadi 16 huongeza kelele ndogo ya makusudi iitwayo ditha, na anaweza kuisukumia kwenye masafa ambayo sikio huyasikia kwa shida. Kwa namna hiyo biti 16 hufanya kazi kama zilizo nyingi zaidi.

Kama ungependa kuusikia mvumo wa biti 16, inawezekana. Tafuta rekodi tulivu ya piano, ngoja noti ya mwisho ianze kufifia, kisha pandisha volyumu hadi mwisho. Kwenye mkia wa noti, pale ambapo nyuzi karibu zinanyamaza, utasikia kitu kama pumzi ndefu iliyo sawa. Sikiliza vizuri, kwa sababu sehemu kubwa ya pumzi hiyo huwa ni ya maikrofoni na chumba cha kurekodia, wala si ya biti. Ukimaliza shusha volyumu kabla wimbo unaofuata haujaanza, la sivyo utaumiza masikio na spika.

Kama biti 24 hazisikiki, mbona studio zote zinazitumia?

Kwa sababu studio ni mahali pa kazi. Mwimbaji anaweza kunong'ona kisha akapaza sauti ghafla, na fundi akiwa na biti 24 anaweza kuacha nafasi kubwa juu bila kuogopa mvumo wa chini. Baadaye anachanganya rekodi za sauti na vyombo mbalimbali, anapandisha hii, anabana ile, na kila hatua ina makosa madogo ya hesabu yanayojumlishana. Biti za ziada huyazika makosa hayo. Kazi ikishakamilika na ngazi za sauti zikishapangwa, hitaji hilo limekwisha.

Tafiti zinasemaje?

Mbili zinatajwa kila mara, na inafaa kuzifahamu zote mbili.

Mwaka 2007, E. Brad Meyer na David Moran walichapisha jaribio lao katika jarida la Audio Engineering Society. Walicheza diski za hi-res za SACD na DVD-Audio kwenye mitambo mizuri, wakaweka njiani kifaa kinachoishusha sauti hadi 16/44.1, na kuwauliza wasikilizaji, wakiwamo mafundi wa studio, ni wakati gani kifaa kimewashwa. Kati ya majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Hiyo ni asilimia 49.8, sawa na kurusha sarafu. Tofauti ilijitokeza tu walipopandisha volyumu kupita kawaida kwenye sehemu za kimya. Pia walisema wazi kwamba diski nyingi za hi-res walizotumia zilisikika nzuri kuliko CD za kawaida, na wakaona sababu ni uangalifu wa waliozitengeneza. Wakosoaji walijibu kwamba baadhi ya diski hizo zilitokana na rekodi za zamani ambazo hazikuwa na chochote juu ya kilohezi 20, na hoja hiyo ni ya haki.

Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Queen Mary University of London alikusanya majaribio 18 ya watafiti mbalimbali, yenye maswali zaidi ya 12,500 kwa pamoja. Kwa ujumla wasikilizaji walipatia asilimia 52.3. Waliofundishwa kwanza walifika karibu asilimia 60. Wauzaji walilishangilia tokeo hilo, na ni kweli kwamba kitakwimu halikuwa bahati tu. Lakini litazame kwa ukaribu. Mtu aliyekaa kimya, akafundishwa cha kusikiliza na kupewa vyombo vizuri, bado anakosea mara nne katika kila kumi. Na kutambua kwamba kuna tofauti si sawa na kuona kwamba upande mmoja ni mzuri zaidi. Mimi huusoma utafiti huo hivi: huenda kuna kitu, na ni kidogo kiasi kwamba hakiwezi kuwa sababu ya wimbo kukugusa au kutokugusa.

Lakini mimi naisikia tofauti, na si mwongo.

Sina shaka kwamba unaisikia. Swali ni inatoka wapi.

Chanzo cha kwanza ni masta. Tangu miaka ya 1990 nyimbo nyingi zilibanwa ili zisikike kubwa kuliko za wengine: vilele vya ngoma vikakatwa, sehemu za chini zikapandishwa, kila kitu kikawa na nguvu moja. Mfano unaojulikana ni albamu ya bendi ya roki ya Metallica ya mwaka 2008, *Death Magnetic*. Toleo la CD lilibanwa hadi likakwaruza, huku nyimbo zilezile ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero zikiwa na pumzi na ngoma zinazopiga. Mashabiki walililinganisha wenyewe na kulalamika. Tofauti ile ilisikika kwa yeyote, hata kwa spika za kompyuta, na biti hazikuhusika.

Chanzo cha pili ni volyumu. Faili likiwa juu ya lingine hata kwa sehemu ya desibeli, sikio haliiti hiyo sauti kubwa. Linaiita sauti safi, yenye uhai, iliyo karibu. Matoleo mawili ya albamu moja hayalingani volyumu ila kwa bahati, kwa hiyo kuyalinganisha bila kupima ni kupoteza muda.

Cha tatu ni matarajio. Ukijua kwamba sasa linapigwa faili la gharama, unasikiliza kwa makini zaidi, na ukisikiliza kwa makini unagundua mambo uliyokuwa hujayasikia: mguso wa kidole kwenye uzi, mwimbaji akivuta pumzi. Yalikuwemo tangu mwanzo kwenye faili la CD. Huo si udhaifu wa mtu fulani, ndivyo usikivu wa binadamu ulivyo, na mafundi wakongwe wanao vilevile.

Nijaribuje mwenyewe bila kujidanganya?

Usichukue CD na toleo la hi-res ukavilinganisha, kwa sababu hapo unapima masta mbili. Chukua faili moja la 24/96 unaloliamini. Lishushe hadi 16/44.1 kwa SoX au programu nyingine inayoheshimika, ukiwa umeweka ditha, kisha lipandishe tena hadi 24/96. Sasa una mafaili mawili yenye umbo moja: la kwanza zima, la pili limepita kwenye tundu la CD. Kurudisha umbo ni muhimu, maana vigeuzi vingine hutoa mlio mdogo vinapobadilisha kasi ya sampuli, na mlio huo utakupa jibu kabla hujasikiliza chochote.

Yaingize yote mawili kwenye programu ya kuchezea muziki ya foobar2000 yenye kiongezi cha ABX. Programu itakuchezea A, B, na X, na kazi yako ni kusema X ni yupi. Fanya mara 16, pumzika katikati ukichoka, na uchague kipande kifupi ambacho unaamini tofauti ipo. Ukipatia 12 au zaidi, uwezekano wa kuwa umebahatisha ni chini ya asilimia 4. Ukipatia tisa, bado huna ushahidi. Amua idadi ya majaribio kabla ya kuanza na usiishie pale matokeo yanapokupendeza.

Je, hi-res inaweza kusikika vibaya zaidi?

Inaweza, ingawa si mara nyingi. Mafaili ya 96 na 192 yanaweza kubeba masafa ambayo hakuna binadamu anayeyasikia, na amplifaya na spika hulazimika kuyashughulikia hata hivyo. Hakuna amplifaya wala spika iliyo sahihi kabisa. Milio miwili ya kilohezi 30 na 33 ikipita pamoja kwenye chombo chenye kasoro, inaweza kuzaa mlio wa tatu wa kilohezi 3, pale ambapo sikio ni kali kuliko kwingine kote. Ukisikia tofauti ya namna hiyo ni rahisi kudhani umeusikia ubora wa juu, ilhali ni kosa la chombo.

MP3 nayo haina tofauti na CD?

Inategemea. Ya kilobiti 128 iliyotengenezwa vibaya hujulikana mara moja kwenye matoazi na makofi. Ya 320, au AAC (mfumo mwingine wa kubana kama MP3) ya 256, ni ngumu sana kuitambua. Hata hivyo, ukiwa unanunua, nunua FLAC, au ALAC inayofanana nayo, ya ubora wa CD, kwa sababu kutoka hapo unaweza kutengeneza umbo lolote baadaye bila hasara juu ya hasara.

Natumia hedifoni za Bluetooth. Hi-res inanifaa?

Hapana. Bluetooth ya kawaida hubana sauti kwa kupoteza, iwe kwa mfumo wa SBC, AAC au hata LDAC, ambayo kilele chake ni kilobiti 990 kwa sekunde. Faili la 24/192 lisilobanwa linahitaji 9,216.

Nitajuaje kama faili la hi-res ni la kweli?

Fungua spektra yake, yaani picha ya masafa yaliyomo, kwa programu ya Spek au Audacity. Faili la 24/96 lililopandishwa kutoka CD huonyesha rangi hadi karibu kilohezi 22, kisha ukuta, na juu yake weusi mtupu hadi 48. Ukuta ukiwa kwenye kilohezi 16, huenda mzizi wake ni MP3 ya 128. Rekodi halisi hufifia polepole kuelekea juu bila mstari wa kisu. Ukikuta ukuta kwenye kitu ulichouziwa kama hi-res, dai pesa zako. Hata kama masikio yako hayawezi kuujua udanganyifu huo, umeuziwa kisichokuwepo.

Rekodi za kanda za zamani ni jambo jingine. Kanda nyingi za studio zilikuwa na nafasi ya desibeli 60 hadi 70 kabla ya kupunguziwa kelele, chini sana ya biti 16. Toleo lake la 24/192 linaweza kuwa halali kabisa, na sehemu kubwa ya kilichoongezeka ikawa mchachatiko wa kanda ulioandikwa kwa usahihi mkubwa.

DSD na MQA je?

DSD, mfumo wa SACD iliyotoka mwaka 1999, hutumia biti moja mara milioni 2.8 kwa sekunde. Sauti yake ni nzuri, na haijaonyeshwa kuizidi PCM, mfumo unaotumiwa na CD, iliyotengenezwa vizuri. MQA iliahidi hi-res ndani ya faili dogo, lakini ilikuwa inapoteza data na ilihitaji leseni. Kampuni yake iliingia kwenye usimamizi wa ufilisi mwaka 2023, na mwaka uliofuata huduma ya muziki ya Tidal, iliyokuwa ikiitumia, ikahamia FLAC. Usinunue kifaa kwa sababu ya MQA.

Wanamuziki wakubwa wanaisifu hi-res. Wao hawasikii?

Mwanamuziki Neil Young alikusanya zaidi ya dola milioni 6 kwenye jukwaa la kuchangisha la Kickstarter mwaka 2014 kwa ajili ya kichezaji chake cha Pono, na mradi ukafungwa mwaka 2017. Naamini nia yake ilikuwa njema, na malalamiko yake dhidi ya MP3 mbovu yalikuwa ya haki. Ila mwanamuziki anaijua kazi yake kutoka kwenye studio, kwenye spika za studio, kabla haijabanwa kwa ajili ya soko. Anachokikosa nyumbani ni masta ile, na hiyo inaweza kukaa ndani ya 16/44.1 bila shida.

Basi pesa niziweke wapi?

Kwenye spika au hedifoni kwanza, maana huko ndiko tofauti zinapimwa kwa desibeli nzima nzima na kila mtu anazisikia. Kisha kwenye chumba: sogeza spika mbali na kona, weka zulia, tundika pazia zito mbele ya ukuta mtupu. Kisha tafuta masta nzuri ya albamu unayoipenda. Wakati mwingine ni CD ya miaka ya 1980 iliyotumika, wakati mwingine ni toleo jipya la hi-res kwa sababu ndilo pekee ambalo halikubanwa. Likiwa ndilo hilo, linunue bila majuto.

Nimeshanunua nyingi. Nizifute?

Usifute. Zihifadhi kama nakala mama, tena sehemu mbili tofauti, kwa sababu diski hufa. Kwa ajili ya simu, zigeuze kuwa FLAC ya 16/44.1 au AAC ya 256, na nafasi utakayookoa itabeba albamu nyingine nyingi. Usifanye kinyume chake: kuigeuza MP3 kuwa FLAC ya 24/96 hukuza faili tu, kilichokatwa hakirudi.